Usiiwashe Kwanza: Jetiski Iliyolala na Petroli Inayobeba Oili

Jetiski, pikipiki ya majini, imekalia matairi mawili ya gari chini ya mwembe, Luchelele, Mwanza, pua ikielekea ziwani. Kiti kimeachia mshono. Tumboni kuna majani makavu, kiota cha panya na maji ya mvua yaliyogeuka meusi. Betri ya gari la Noah imeshushwa, nyaya zimeunganishwa, na kijana mmoja anamimina kizibo cha petroli kavu, isiyo na oili, kwenye kila tundu la plagi. Mwenye mali, mzee wa heshima zake, anasema: "Tuiwashe kwanza, tuone inasemaje."

Ikawaka.

Moshi mweupe, makofi, watoto wakakimbia kuja kuona. Baada ya muda mfupi mlio ukaanza kuwa mwembamba na mkali, ukapanda wenyewe bila mtu kugusa eksileta, kisha ukakatika. Stata ilipobonyezwa tena ikalia "tak", basi.

Sentensi ya mzee imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu ina akili ndani yake. Nani anataka kununua vipuri vya injini asiyojua kama ni nzima? Pikipiki ya kawaida iliyolala tunaipiga kiki kwanza. Genereta tunaivuta kamba kwanza. Kuwasha ndicho kipimo tulichorithi. Lakini jetiski nyingi za zamani zilizotapakaa kwenye yadi na mabanda ya ufukweni, kuanzia Malimbe hadi Igombe, ni za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, injini za mipigo miwili, silinda mbili. Kwa injini hizo, kuwasha kwanza si kipimo. Ndiyo ajali yenyewe.

## Petroli ndiyo inayobeba oili

Injini ya gari ina oili chini, na pampu inaisukuma hadi kwenye kranki hata kama petroli ni mbovu. Injini ya mipigo miwili haina akiba hiyo. Petroli iliyochanganyika na oili hupita kwanza kwenye tumbo la injini, ikalowesha beringi za kranki, kichwa cha konekting rodi na kuta za silinda, ndipo ikapanda juu kuungua. Oili inasafiri na petroli.

Kwa hiyo petroli ikipungua njiani, oili nayo imepungua. Tundu la kabureta likiziba nusu, kinachopungua si nguvu tu. Silinda inapata hewa nyingi na petroli kidogo, joto linapanda, na wakati huohuo kile ambacho kingeiokoa hakifiki. Pistoni ya aluminiamu inavimba haraka kuliko silinda inayoizunguka, inakwaruza, inajamu.

Kuna ubaya mwingine unaotokana na silinda kuwa mbili. Ile nzima inaendelea kuvuta. Mashine inaunguruma, dereva anaona iko sawa kasoro nguvu kidogo, kumbe silinda ya pili inaburuzwa ikiwa kavu.

Na ile petroli kavu kwenye tundu la plagi? Huosha hata ule utando mdogo wa oili uliobaki ukutani tangu mashine ilipolazwa.

## Kabla ya betri

Vua kiti, kiache wazi, chomoa vizibo vya nyuma maji yatoke. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hukaa chini kabisa ya tumbo la jetiski, na cheche moja ya stata inatosha kuulipua. Hili si la kufanya mara moja tu. Kila siku ya kuwasha, kiti kwanza, dakika tano za hewa.

Kisha angalia mstari wa maji. Mvua ikijaa tumboni huacha alama kwenye injini. Kama alama iko chini ya stata, umepata nafuu kubwa. Kama imefika kwenye mdomo wa kabureta, au plagi zinatoka na maji, usiendelee na kupima. Injini hiyo inafunguliwa, kwa sababu beringi za kranki zilizolala ndani ya maji hupata vidoa vya kutu ambavyo oili haiviondoi.

Nyonya petroli ya zamani yote kwa mpira na pampu ya mkono, si kwa mdomo. Ikinuka kama vanishi, ujue kabureta zimejaa gundi hiyohiyo. Usiimwage ziwani wala mtaroni. Jiji hili linakunywa maji ya Capri Point na Butimba.

Toa plagi zote mbili. Mimina mililita 20 hivi za oili ya mipigo miwili iliyochanganywa nusu kwa nusu na mafuta ya giaboksi ya otomatiki kwenye kila silinda, acha usiku kucha, mbili ikibidi. Halafu zungusha injini kwa mkono kwenye kapulingi inayounganisha injini na shafti ya jeti, yaani pampu ya maji inayoisukuma jetiski. Inazunguka kwa ulaini? Endelea. Imegoma? Ongeza mchanganyiko, subiri, sukuma kidogo mbele, kidogo nyuma. Usiruhusu stata ifanye kazi hiyo. Ringi iliyoshikwa na kutu ikilazimishwa huvunjika, na kipande chake hukata mlango wa silinda.

## Geji ya Mwanza

Sasa betri. Iliyojaa na kupumzika isome volti 12.6 hivi, na wakati stata inazungusha isishuke chini ya 10. Ukiazima betri ya gari, injini ya gari iwe imezimwa.

Kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, hupimwa kwa geji plagi zote mbili zikiwa nje, nyaya zake zimegusishwa kwenye bodi ya injini ili CDI, kisanduku kinachotuma umeme wa plagi, isiungue, na eksileta imevutwa mpaka mwisho. Mtu akisahau eksileta, geji itasoma kidogo na injini nzima itahukumiwa kufa bure. Zungusha mpaka sindano isimame.

Hapa vitabu vya mtandaoni vinawapotosha wengi. Namba zake ni za pwani. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina shinikizo pungufu kwa takribani asilimia 12. Injini inayosoma psi 150 Dar es Salaam itasoma karibu 130 hapa bila kuchakaa hata kidogo. Kinachosema ukweli zaidi ni tofauti kati ya silinda mbili. Ikizidi asilimia 10, kuna ugonjwa upande mmoja. Zote zikiwa chini ya 100, fungua hedi.

Kompresheni nzuri hufurahisha, na ndipo wengi wanapotaka kufunga plagi na kubonyeza stata.

Bado.

## Hewa inayoingia kwa siri

Hiki ndicho kipimo kinachorukwa kuliko vyote, nami nakiona ndicho chenye thamani kuliko vyote. Geji ya kompresheni inaongea juu ya ringi na silinda. Haisemi lolote kuhusu sili za kranki.

Sili hizo ni pete za mpira zinazozuia hewa kingoni mwa kranki. Zikikaa miaka bila oili hukauka na kushika umbo la mahali zilipolala. Kranki ikizunguka, hewa inaingia pembeni yake bila kupita kwenye kabureta, kwa hiyo bila petroli na bila oili. Unaweza kusafisha kabureta mpaka ing'ae, na silinda ile bado itakuwa inavuta hewa kavu. Mlio unaopanda wenyewe bila eksileta, kama ule wa Luchelele, ni alama ya hewa kuzidi petroli, ama kwa sili kuvuja ama kwa kabureta kuziba.

Kipimo chenyewe hakihitaji vifaa vya ng'ambo. Toa kabureta na bomba la moshi. Kata vipande vya mpira wa tyubu ya lori, vibane kwa bati kwenye milango ya kuingizia na ya kutolea. Ziba pia mipira midogo ya oili na ya mapigo ya pampu. Rudisha plagi moja, kwenye tundu la pili funga kiungio cha mpira. Pampu ya baiskeli inatosha. Kwa geji, ile ya kupimia shinikizo la damu inafaa sana, maana milimita 300 za zebaki ni karibu bar 0.4, kiasi kinachotakiwa. Pampu polepole mpaka 280, usizidi, kisha tulia.

Injini nzima inashikilia. Ikishuka zaidi ya 50 kwa dakika, paka maji ya sabuni kila mahali: sili ya mbele nyuma ya magneto, sili za upande wa kapulingi, gasketi za manifodi (bomba la kuingizia hewa), gasketi ya chini ya silinda. Povu litakuonyesha. Gasketi ya manifodi ni kazi ya asubuhi moja. Sili za kranki ni kutoa injini nje na kuifungua katikati, na hapo ndipo mwenye mali anapaswa kuamua kama anaendelea au anauza vipuri. Ni uamuzi mchungu, lakini ni afadhali aufanye wakati pistoni bado ni nzima.

## Kabureta isiyo na bakuli

Mwaloni pale Kirumba kuna mafundi wa mashine za wavuvi ambao mikono yao naiheshimu mno. Mashine ya Yamaha ya farasi 40 wanaifungua na kuifunga huku wanaongea na mteja. Mipigo miwili wanaijua vizuri. Ila kabureta ya jetiski si ndugu wa ile waliyoizoea. Ya mashine ya mtumbwi ina bakuli na boya: petroli inajaa, boya linapanda, sindano inafunga. Jetiski inapinduka na kuruka mawimbi, boya lingechanganyikiwa, kwa hiyo kabureta zake, nyingi zikiwa Mikuni, zinatumia dayaframu, yaani ngozi nyembamba ya mpira inayosukuma mkono mdogo unaofungua sindano.

Tofauti hiyo inabadilisha usafishaji wote. Upepo wa kompresa ambao fundi angeupuliza bila wasiwasi kwenye kabureta ya boya unaweza kukunja vali ndogo za plastiki, nyembamba kama karatasi, zilizomo ndani ya hii. Zikikunjwa, mashine inaweza kuwaka na bado ikakosa petroli. Hakuna dalili nje.

Utaratibu ni huu. Fungua mfuniko wa dayaframu na ule wa pampu, piga picha kila tabaka kabla ya kulitoa, maana gasketi ikigeuzwa inaziba njia. Ndani, mahali petroli inapoingilia, kuna kichujio kidogo cha waya, duara la ukubwa wa kitufe cha shati. Watu wanabadilisha jeti zote za kabureta, vile visrubu vyenye tundu linalopima petroli, na kukiacha hicho kikiwa kimefungwa na gundi ya kijani. Toa jeti kwa bisibisi inayoenea sawasawa, loweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, pitisha uzi mmoja wa waya laini wa shaba. Usipitishe chuma. Tundu la jeti likiongezeka hata kwa kukwaruzwa, kipimo chake kimekwisha. Kabla ya kutoa skrubu za kurekebishia, zikaze taratibu hadi mwisho ukihesabu mizunguko, uandike.

Dayaframu ya zamani usiihurumie. Ikishikwa inapaswa kulegea kama ngozi. Ikitoa mlio wa karatasi imeshakufa, hata kama haijatoboka. Nunua seti kamili ya vipuri vya kila kabureta pamoja na sindano na kikalio chake, na uwe na namba iliyopigwa kwenye bodi ya kabureta unapoagiza. Kubadilisha moja na kuacha nyingine kwa kubana matumizi kunarudisha hadithi ileile ya silinda mbili zisizolingana.

Mipira yote ya petroli nayo itoke. Ya kipenyo cha ndani cha milimita 6 inapatikana mjini kirahisi. Ile ya zamani kwa nje inaonekana nzima huku ndani inabanduka magamba, na gamba moja linasafiri moja kwa moja hadi kwenye kile kichujio ulichokisafisha jana. Koki ya petroli ifunguliwe pia. Mpira mdogo wa mapigo, unaotoka kwenye tumbo la injini kuendesha pampu ya petroli, ukipasuka unaua mara mbili: pampu inakosa nguvu, na injini inavuta hewa.

## Pampu ya oili: ibaki au itoke?

Jetiski nyingi za enzi hizo zina tangi la oili na pampu inayochanganya yenyewe. Ikifanya kazi, ni kitu kizuri. Tatizo ni kwamba ikifa haisemi. Taa ya oili kwenye dashibodi inapima kiasi kilichomo tangini. Kwamba oili inafika, haijui. Mpira mmoja mwembamba uliochomoka kwenye chuchu yake unatosha.

Nimelipima hili muda mrefu. Mpangilio wa kiwanda una hoja yake: unatoa oili kidogo mzunguko ukiwa chini na nyingi ukiwa juu, jambo ambalo mchanganyiko wa dumu haufanyi. Lakini kwa mashine iliyolala miaka, hapa kwetu, naegemea kuiondoa, kuziba kwa bati na gasketi mahali ilipokaa, kuziba pia chuchu kwenye manifodi, na kuchanganya kwa mkono. Ufukwe mzima unajua kuchanganya, na petroli iliyochanganywa unaiona kwa macho.

Kipimo: moja kwa 50, yaani mililita 100 kwa dumu la lita 5, au 400 kwa dumu la lita 20. Tangi la kwanza lipewe moja kwa 40, mililita 125 kwa lita 5. Usizidishe zaidi kwa huruma. Oili inachukua nafasi ya petroli ndani ya jeti, kwa hiyo oili nyingi mno inaleta upungufu uleule wa petroli unaoukimbia. Oili iwe na alama ya TC-W3, ile ya injini zinazopozwa na maji. Ya bodaboda ya mipigo miwili imetengenezwa kwa joto jingine.

Hofu yangu moja inabaki kwenye jetiski inayotumiwa na watu wengi. Siku moja mtu mgeni ataijaza petroli ya kituoni kama ilivyo. Kama mashine ni ya kukodisha na hakuna mtu mmoja anayeshika dumu, acha pampu ibaki, badilisha mipira yake yote, toa hewa ndani, na tangi la kwanza lichanganye moja kwa 50 huku pampu nayo ikifanya kazi. Oili ya kwenye tangi lake ikishuka, pampu inavuta.

## Timba, gugu maji na mchanga

Lala chini na tochi, angalia kupitia wavu wa kuvutia maji. Ziwa letu ni la maji baridi, chumvi haili chuma hapa, na hiyo ni neema. Mbadala wake ni nailoni. Uzi wa timba, wavu wa uvuvi wa nailoni, ukizunguka shafti mbele ya panga la jeti, hujikaza, huyeyuka kwa msuguano na kukata sili ya beringi. Ukate wote kwa kisu kikali, hata ule unaoonekana kama pete ngumu ya plastiki.

Mzizi wa gugu maji hutoka kwa mkono. Mchanga ndio haurudishi ulichokula: unamomonyoa ringi inayozunguka panga. Pima nafasi kwa fila geji. Milimita 0.3 ni nzuri. Ikizidi 0.6, jetiski italia juu na kwenda taratibu, na watu watalaumu kabureta.

## Injini kwanza, maji baadaye

Sasa iwashwe.

Kabureta bado ni kavu. Chota kwa sirinji mililita 10 za petroli iliyochanganywa, mimina kwenye koo la kila kabureta. Plagi ziwe mpya, zilingane na kitabu cha modeli yako (Yamaha nyingi za cc 701 zinakwenda na NGK BR8HS), mwanya milimita 0.6 hadi 0.7. Kizimamoto kiwe karibu na mkono.

Ukitumia mpira wa bomba kupoza, mpangilio ni mmoja tu: washa injini, kisha fungua maji. Wakati wa kuzima, funga maji, vuta eksileta mara mbili fupi yaliyobaki yatoke, kisha zima. Ukigeuza, maji yanajaa bomba la moshi lisilo na msukumo wa kuyatoa na kurudi ndani ya silinda. Maji hayabanwi, na konekting rodi itapinda. Bila maji kabisa, sekunde 15 ndio mwisho.

Sikiliza. Mzunguko wa chini ukipanda wenyewe, chomoa kamba ya usalama, ile inayozima injini, hapohapo na urudi kwenye kipimo cha hewa. Injini ikikataa kuzimika, vuta choki.

## Ziwani

Nenda asubuhi, upepo ukiwa haujaamka, na kiboya cha kuokolea maisha kikiwa kimefungwa vifungo vyote. Usajili na ukaguzi wa TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, uwe umekwisha kabla. Chagua ufukwe ulio wazi unaopigwa na mawimbi, si kona yenye majani, kwa sababu maji yaliyotulia ndiyo makazi ya konokono wa kichocho, na kuishusha jetiski kunaweza kukusimamisha magotini kwa muda mrefu. Isukume hadi kina cha sentimita 60 au zaidi chini ya tumbo lake kabla ya kuwasha, la sivyo panga litavuta mchanga.

Dakika kumi za kwanza, eksileta isizidi nusu, karibu na ufukwe, na mtumbwi wa kukuvuta uwepo. Hakikisha kijitundu cha maji ya kupoza kinatema muda wote. Kisha, ukiwa kwenye mwendo wa kati, chomoa kamba ya usalama, acha izimike bila kupita mzunguko wa chini. Toa plagi zote mbili, ziweke kwa mpangilio. Zote mbili kahawia na zimelowa kidogo: ongeza robo, rudia. Moja kahawia na nyingine nyeupe: siku imeisha, vutwa hadi nchi kavu. Vichembe vya kung'aa kwenye kauri ya plagi ni aluminiamu ya pistoni.

Plagi nyeupe usiikimbilie kwa jeti kubwa zaidi. Jeti kubwa inaficha hewa inayovuja mpaka joto la mchana liitoe. Rudi kwenye tyubu ya lori na maji ya sabuni.

Na ikiwa mashine itapumzika zaidi ya mwezi, usiiache ijimalizie petroli kwa kuunguruma mpaka izimike. Dakika ile ya mwisho ni petroli kidogo na oili kidogo. Nyonya tangi, weka mililita 15 za oili kila silinda, izungushe kwa mkono, rudisha plagi, toa betri. Vizibo vya nyuma vibaki wazi na kiti kikae bila kukazwa, chini ya turubai lisilogusa kingo, hewa ipite.